Mwenye uwanja ajue na shughuli ya jirani



Mwulize mlinzi yeyote wa uwanja au ukumbi kazi yake ni nini. Atakujibu kwamba ni kulinda geti, kukagua tiketi, kuzuia watoro wasioruke ukuta na kuhakikisha fedha ya mwenye shughuli haipotei. Majibu hayo ni sahihi, lakini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili inafanyika siku kadhaa kabla geti halijafunguliwa, tena inafanyika nje ya ukuta: ni kujua shughuli gani nyingine za kiingilio zitakuwapo jirani siku hiyo hiyo, zitaanza saa ngapi, zitakwisha saa ngapi, na zinatazamia watu wangapi. Leo nataka nieleze kwa nini jambo hili ni la usalama wa maisha ya watu, na kwa nini sisi wa Singida tunalihitaji pengine kuliko tunavyodhani.

Nianze na mji wenyewe. Singida ni njia panda. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam na Dodoma inapita hapa kwenda Nzega na Mwanza, na hapa hapa inachepuka ile ya kwenda Katesh, Babati na Arusha. Mtu wa Manyoni, wa Ikungi, wa Kiomboi au wa Mkalama akitaka kuona mpira mkubwa anakuja mjini, na akimaliza anataka gari la kurudi kabla giza halijaingia sana. Maana yake ni kwamba mkusanyiko wowote mkubwa mjini hauanzii getini wala hauishii getini. Unaanzia stendi na unaishia stendi.

Mpira tumeuzoea. Singida United ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 ilibidi kwanza ichezee Dodoma, uwanja wa Jamhuri, wakati Namfua inatengenezwa. Mechi ziliporudi nyumbani, mji ulijifunza upya maana ya siku ya Yanga au siku ya Simba. Baadaye Namfua ikabadilishwa jina ikaitwa Liti, kwa heshima ya yule mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwaandama Wajerumani kwa nyuki. (Napenda jina hilo. Aliyejua kupanga kundi la nyuki angeweza kutufundisha mengi kuhusu kundi la watu.) Zikaja Singida Big Stars, Singida Fountain Gate na Singida Black Stars. Mei 2025 sherehe za Mei Mosi kitaifa zikafanyika hapa hapa, uwanja wa Bombadia. Kwa hiyo mkoa huu ambao zamani ulisifiwa kwa kuku, alizeti na asali, sasa unapokea makundi ya watu ambayo miji mikubwa tu ndiyo iliyoyazoea.

Lakini siku ngumu kwa mlinzi si lazima iwe siku ya Yanga. Siku ya Yanga kila mtu yuko macho, polisi wapo, Zimamoto wapo, hata muuza karanga amejipanga. Siku ngumu ni ile ya shughuli tatu za kati. Fikiria Jumamosi ya mwisho wa mwezi: mechi ya kawaida ya ligi saa 10 jioni, muziki katika ukumbi mmoja wa jirani utakaofungua milango saa 12, na harusi mbili katika kumbi nyingine. Kadi ya harusi nayo ni tiketi, tusidanganyane. Imeandikwa singo au dabo, na asiye nayo hapiti. Kila mwenye shughuli amehesabu watu wake na ameona wanatosha. Hakuna aliyejumlisha.

Tujumlishe sisi. Upo mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza, uliotokana na maafa yao wenyewe, na vipimo vyake vinanukuliwa duniani kote. Unasema kwamba katika njia ya kutokea iliyo sawa, isiyo na ngazi, upana wa mita 1 hupitisha watu wasiozidi 82 kwa dakika. Chukua geti lenye upana wa mita 3. Litapitisha watu 246 kwa dakika. Kama ndani kuna watazamaji 6,000 na wote wanatokea hapo, watahitaji kama dakika 24 kumalizika. Mechi ya saa 10 inakwisha kwenye saa 11 na dakika 50 hivi. Basi hadi saa 12 na robo watu wangali wanatoka.

Sasa weka bajaji na bodaboda nje ya geti hilo, zimeegeshwa zikisubiri abiria, zimekula nusu ya upana. Geti la mita 3 limekuwa la mita 1 na nusu. Dakika 24 zimekuwa dakika 49. Na saa 12 kamili wale wa muziki wameanza kuja wakipita barabara ile ile, wamevaa vizuri, wana haraka, wanaelekea upande wa pili. Mtu anayetoka na mtu anayeingia wakikutana katika njia nyembamba, hesabu ya 82 kwa dakika haipo tena. Hapo ndipo mlinzi hodari wa geti la mpira anaanza kupiga filimbi na kusukuma, bila kujua kwamba tatizo lake limetoka kwenye ukumbi ambao yeye hahusiki nao.

Mlango wa kuingilia nao una kipimo chake. Mwongozo ule ule unakadiria kwamba mlango mmoja wa kuzunguka, wenye mkaguzi wake, haupitishi zaidi ya watu 660 kwa saa, na hapo hujaweka upekuzi wa mifuko. Milango 3 ni watu 1,980 kwa saa. Watu 5,000 wakichelewa njiani kwa sababu ya msongamano wa shughuli nyingine, wakafika wote katika saa ya mwisho, basi filimbi ya kuanza itapigwa wakati watu 3,000 wangali nje wameshika tiketi walizolipia. Watu hao si wahuni. Ni watu wenye haki yao, wanasikia kelele za ndani na wanajua wanapitwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Hillsborough, mjini Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989. Washabiki wengi wa Liverpool walicheleweshwa barabarani, wakafika kwa wingi katika muda mfupi, na milango ya kuzunguka ikawa michache. Mechi haikusogezwa mbele. Polisi, kwa kuona msongamano nje umekuwa wa hatari, wakafungua geti kubwa la kutokea ili watu waingie. Lakini hakuna aliyefunga njia ya chini iliyokuwa inawapeleka moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati vilivyokwishajaa. Watu 97 walipoteza maisha, wa mwisho akifa miaka mingi baadaye kutokana na madhara ya siku ile. Kwa miaka mingi wakasingiziwa ulevi na fujo, hata uchunguzi uliomalizika mwaka 2016 ukasema washabiki hawakuwa na kosa.

Naomba nitulie hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo magazeti yetu huliandika vibaya. Tunapenda kuandika kwamba watu walikufa kwa kukanyagana, kana kwamba walikuwa wanakimbia. Mara nyingi hawakukimbia. Walikuwa wamesimama. Watu wanne katika mita moja ya mraba wanaweza bado kusogea na kugeuka. Wakifika sita au saba, mtu hajiongozi tena. Anakwenda kundi linakokwenda, miguu inaweza hata kuinuka kutoka chini. Kifua kinabanwa kisiweze kupanuka, na mtu anakufa kwa kukosa pumzi akiwa wima. Wa nyuma hajui. Yeye anaona nafasi ndogo mbele yake na anaijaza. Ndiyo maana kumwambia mtu wa nyuma asisukume hakusaidii sana. Yeye hasukumi, anatembea tu. Wa kuzuia ni yule aliyeamua kwamba watu wote hawa wafike hapo kwa wakati mmoja.

Majirani zetu wa Tabora wanalijua hili kwa uchungu. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa dansi walikokwenda kusherehekea disko toto. Ukumbi ulikuwa umejaa kupita kiasi, hewa ikawa haitoshi. Tangu wakati huo Jeshi la Polisi katika mikoa mingi limekuwa likitangaza kila sikukuu kwamba disko toto ni marufuku. Marufuku hiyo naiunga mkono, ila inazuia jina tu. Mtoto mwenye nguo mpya na shilingi mfukoni siku ya Idd atakwenda mahali. Atakwenda kwenye bembea, kwenye bonanza, kwenye sinema, ufukweni mwa ziwa Singida au Kindai. Kama hakuna mtu mjini mwenye orodha ya mahali hapo pote, basi tumewaondoa watoto kwenye ukumbi tuliokuwa tunaujua tukawapeleka tusikokujua.

Na Kampala, usiku wa kuamkia mwaka 2023, katika jengo la maduka la Freedom City, watu wasiopungua 9, wakiwamo watoto, walikufa walipobanana katika ujia mwembamba baada ya kwenda kutazama fataki za saa sita. Tazama mtiririko wenyewe: palikuwa na tamasha la muziki, na palikuwa na fataki. Mambo mawili katika eneo moja, na fataki zikawahamisha watu wote kwa dakika ile ile.

Kuna atakayeniuliza, je, tiketi yenyewe haitoshi kutulinda? Tiketi inasaidia sana, nami nitasema kwa nini, lakini kwanza niseme mahali inapoishia. Mikusanyiko miwili iliyotuua zaidi miaka ya karibuni haikuwa na tiketi. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa uwanja wa Majengo katika mkusanyiko wa maombi, waliposongamana kukanyaga mafuta ya upako. Dar es Salaam, Machi 21, 2021, watu 45 walikufa uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Pasipo tiketi hapana hesabu, na pasipo hesabu hakuna anayejua mahali pa kusema sasa basi. Lakini hata penye tiketi na uwanja wa watu 60,000, Mei 28, 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger katika uwanja wa Benjamin Mkapa, mtu 1 alikufa na 30 wakaumia katika msongamano. Tiketi inakuambia wangapi wana haki ya kuingia. Haikuambii watafika saa ngapi, wala wangapi watakuja bila hiyo tiketi.

Faida yake kubwa ni kwamba inauzwa mapema, kwa hiyo inazungumza mapema. Zamani tulikuwa tunahesabu vishina vya vitabu baada ya mchezo, hesabu ya fedha, si ya usalama. Kwa tiketi za elektroniki, kama hizi za N-Card zinazotumika katika mechi za ligi, mwenye mamlaka anaweza kujua saa 4 asubuhi ni ngapi zimekwishanunuliwa. Mwenye uwanja akijua ya kwake na ya jirani, anaweza kufanya jambo lile ambalo saa 11 jioni haliwezekani tena.

Iko shughuli moja ya kiingilio ambayo haijaandikwa mahali popote, nayo ni kibanda umiza. Siku watani wa jadi wanapocheza Dar es Salaam, huku Singida hakuna mechi, na mlinzi wa uwanja amepumzika. Lakini mji umejaa. Katika kila mtaa chumba kimoja chenye mlango mmoja kimekusanya watu waliolipa kiingilio, wamekaa kwenye mabenchi hadi mlangoni, na madirisha yamezibwa kwa magunia ili wa nje wasione bure. Mimi nikiulizwa ni wapi katika mkoa huu naogopa zaidi siku ya mpira, sitataja Liti. Liti ni mahali pa wazi, pana anga. Nitataja chumba hicho. Umeme ukikatika dakika ya 80, au waya ukitoa moshi, mlango huo mmoja una kazi ya kuwatoa wote. Na kama siku hiyo hiyo kuna tamasha mjini, gari la Zimamoto limekwishaegeshwa huko.

Basi mtu anafuatiliaje shughuli za jirani? Hakuna uchawi wala mitambo. Anahitaji kaunta buku moja na mtu mmoja asiyeona aibu kuuliza. Kila Jumatatu anaandika: shughuli gani, wapi, mlango unafunguliwa saa ngapi, inatazamiwa kwisha saa ngapi, tiketi ngapi zimechapwa, zinauzwa wapi, watu watakuja kwa njia gani. Safu ya saa ya kumalizika ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu husahau, kwa sababu matangazo yote hutaja saa ya kuanza tu. Habari anazipata kwenye mabango ya nguzo za umeme, kwa gari la matangazo linalopita sokoni, redioni, makanisani na misikitini, siku hizi na kwenye simu za mkononi. Awaulize wakata tiketi wa mabasi stendi kama kuna magari yaliyokodiwa. Awaulize wenye nyumba za kulala wageni kama vyumba vimeshikwa. Nyumba za wageni hujua mji umejaa kabla ofisi yoyote haijajua.

Akishajua, anafanya nini? Kwa kawaida mambo madogo. Anakwenda kwa mwenye ukumbi wa jirani na kumwomba afungue milango saa 1 badala ya saa 12. Anaomba bodaboda na bajaji zihamishwe mita 100 kutoka getini, na anawaeleza viongozi wa vijiwe vyao kwa nini, maana wakieleweshwa wanakuwa wasaidizi wazuri. Anafungua geti la pili ambalo huwa limefungwa kufuli kuokoa mshahara wa mtu mmoja. Anaijulisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kwamba jioni hiyo kuna shughuli tatu na si moja. Anahakikisha askari walioahidiwa kwake hawakuahidiwa pia kwa mwingine. Hilo la mwisho si mzaha; askari ni wale wale, na kila mwenye shughuli huwahesabu kuwa ni wake.

Kizuizi kikubwa ninachokiona ni usiri. Mwandaaji wa muziki hataki mwenzake ajue ameuza tiketi ngapi. Anaogopa mshindani, na, tuseme ukweli, anamwogopa pia mtu wa kodi. Ukimwuliza idadi anakuwa mkali kana kwamba umemwuliza mshahara wake. Sioni njia ya kumlazimisha aseme fedha yake, wala si lazima. Mlinzi hahitaji kujua kiingilio ni shilingi ngapi. Anahitaji idadi ya vichwa na saa ya kutoka, na hiyo isitumike kwa jambo lingine lolote. Siku moja tu ikigundulika kwamba daftari la usalama limegeuzwa kuwa daftari la kodi, hakuna atakayesema kweli tena.

La pili ni kwamba barua zinaingia kwa milango tofauti. Ratiba ya mechi inatoka Bodi ya Ligi. Kibali cha burudani kinapitia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Mkutano wa hadhara unakwenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na sheria ya Jeshi la Polisi inataka taarifa itolewe si chini ya saa 48 kabla. Harusi hailetwi kwa yeyote. Saa 48 zinatosha kupanga askari, lakini hazitoshi kusogeza saa ya tamasha ambalo tiketi zake zimekwishauzwa. Siku moja kabla ya mechi ya ligi kuna kikao cha maandalizi ambapo timu, waamuzi, polisi na wenye uwanja hukaa pamoja. Wanazungumza rangi za jezi, magari ya wagonjwa, muda wa timu kufika. Hapo hapo pangeongezwa swali moja: kesho kuna nini kingine mjini? Na jibu lisitafutwe siku hiyo, liwe limekwishaandikwa tangu Jumatatu.

Mahali pa kuweka daftari hilo, kwa maoni yangu, ni Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya, maana huko ndiko milango yote hiyo inakokutana. Lakini mwandishi wake asiwe mkubwa. Awe karani wa halmashauri mwenye miguu myepesi, anayejulikana sokoni na stendi, apewe baiskeli na vocha ya simu. Na wenye vibanda umiza waandikishwe naye kwa jina la mtaa na idadi ya mabenchi, bila faini ya kuanzia, ili wasijifiche. Ratiba ya ligi hujulikana mapema, Idd na Krismasi ziko kwenye kalenda, kwa hiyo kurasa za kwanza za daftari zinaweza kujazwa hata kesho asubuhi.